Dohani Moja kwa Meko Mawili

Alikuwapo mtu, jina lake Mbaruku bin Faki, na alichokuwa nacho duniani kilikuwa nusu ya nyumba, ndugu mmoja wa tumbo moja, na dohani ambayo haikuwa yake peke yake. Nyumba yenyewe ilitazama bahari, katika mji wa zamani wa mawe, mahali ambapo mawimbi yakipiga ukuta wa pwani, mvuke wa chumvi hufika hadi madirishani. Nyumba za mji ule zina jiko ndani, na jiko la ndani halikai bila dohani ya kuutoa moshi. Dohani ya nyumba ile ilijengwa na babu yao kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ilipanda kutoka jikoni, ikatoboa dari, ikasimama juu ya paa na kofia ya bati kichwani.

Nawaomba mlisikilize jambo hili taratibu, kwa sababu ni dogo. Hakuna aliyeuawa ndani yake wala aliyeibiwa.

Baba yao, Mzee Faki, aliijua tabia ya chumvi. Chumvi ya bahari haibomoi nyumba kwa kishindo. Huingia ndani ya chokaa pamoja na unyevu, ikakaa kimya, na jua likiwaka huvimba, ikaisukuma chokaa itoke kidogo kidogo kama unga. Ukitazama unaona jiwe zima, kumbe kilichokuwa kikilishika jiwe kimekwisha. Kwa hiyo kila mwaka, upepo wa kusi ukishatulia, Mzee Faki aliwaita wanawe wawili. Mbaruku alipanda juu ya paa, Nasoro mdogo wake akabaki chini jikoni, na kamba ndefu ikapitishwa ndani ya dohani, katikati yake kimefungwa kifurushi cha makuti makavu. Wa juu akavuta, wa chini akavuta, na masizi yakashuka. Kisha baba mwenyewe alipanda na mwiko na ndoo ya chokaa, akapapasa kila kiungo kwa kidole, akaziba kilicholika. Kazi ile haikuwezekana kwa mtu mmoja. Walipomaliza wote watatu walikuwa weusi usoni, na mama yao, Mwanatumu, alikataa kuwapa chakula mpaka waende wakaoge, huku akicheka hadi machozi yanamtoka.

Wavulana wakawa watu wazima. Mbaruku alimwoa Zuwena akabaki nyumbani. Nasoro alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, ng'ambo ya mto, akaoa huko mke jina lake Mwanaheri. Mama alitangulia mbele ya haki. Baba akazeeka, akaugua ugonjwa mrefu, na aliyemlisha uji, aliyemgeuza kitandani, aliyemwosha, alikuwa Mbaruku.

Mzee Faki alifariki wakati wa masika. Mtu alitumwa kwa Nasoro, lakini mto ulikuwa umefurika na kivuko kimesimama. Maiti akaoshwa, akasaliwa, akazikwa siku ileile kama ilivyo desturi. Nasoro alifika kesho yake, matope hadi magotini, akawakuta watu wamekaa matangani. Alisimama mlangoni, hakutoa hata salamu. Alimtazama kaka yake akasema, "Mlishindwa kuningoja, kaka?"

Mbaruku hakuwa amelala kwa siku nyingi. Angeweza kulia. Angeweza kunyanyuka akamkumbatia. Badala yake alisema, watu wote wakisikia, "Maiti hawekwi, Nasoro. Wa kungoja alikuwa baba, na alikungoja sana."

Neno hilo lilikuwa la kweli, na ndiyo maana lilimwingia mdogo wake mpaka kwenye mfupa. Nasoro aligeuka akaenda makaburini peke yake. Matanga yalipoondolewa alimleta mkewe na vyombo vyake, akadai nusu yake ya nyumba, na nusu hiyo ilikuwa haki yake. Ukuta ukajengwa. Ulianzia ukumbini, ukakata ua, ukapita katikati ya jiko, mafiga ya Mbaruku yakawa upande huu na mafiga ya Nasoro upande ule. Mwashi alipoufikisha ukuta kwenye koo la dohani aliuliza, "Na humu ndani nitenge vilevile?" Kuitenga dohani kulitaka ndugu wote wawili wapande juu ya paa pamoja na kukubaliana pa kupitisha tofali. Hakuna aliyetaka. Ukuta ukaishia pale pale, chini ya koo. Kwa hiyo chini palikuwa na meko mawili, na juu moshi wa nyumba zote mbili ulikutana na kutoka kwa njia moja.

Miaka ikapita. Msikitini walisimama safu mbalimbali. Sikukuu wake zao walipelekeana sahani za biriani kupitia kwa jirani, Bi Salha, mjane aliyekaa nyumba ya pili, na waume zao walizila bila kuuliza zimetoka wapi. Wazee wa mtaa walijaribu kuwapatanisha, wakachoka, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na hoja, na hoja zote mbili zilikuwa nzuri.

Mabinti wa Mbaruku, Siwema na wadogo zake, waliolewa wakaenda kwa waume zao. Nyumba yake ikanyamaza. Na katika unyamavu huo ndipo alipogundua jambo. Alasiri moja aliingia jikoni kutafuta maji. Moto ulikuwa umezimwa tangu mchana, jiko liko baridi, na kutoka kwenye mdomo wa dohani akasikia mtu anasafisha koo. Alisimama na kikombe mkononi. Lilikuwa koo la baba yake. Lakini baba yake yuko kaburini. Akasikia tena, na mara hii koo likafuatiwa na sauti ya Nasoro ikimwambia mkewe kwamba goti lake la kushoto linamsumbua tangu juzi.

Mbaruku alivuta kigoda akakaa.

Tangu siku ile alasiri zake zilikuwa za jikoni. Zuwena akienda kujinyoosha, yeye alikaa kando ya jiko baridi, kichwa amekiinamisha, pumzi ameishika, hakohoi, hasogezi hata mguu, ili asipitwe na neno. Alijua mdogo wake amebadilisha dawa ya goti. Alijua Mwanaheri amekataa kula samaki, na kabla jirani yeyote hajajua, yeye alijua kwa nini. Alijua mtoto amezaliwa. Akasikia siku wanampa jina. Nasoro alilitamka polepole, kama mtu anayeweka chini kitu cha kuvunjika: "Mwanatumu." Mbaruku hakuwa amelisikia jina la mama yao likiitwa ndani ya nyumba ile tangu alipokufa. Alijifunika uso kwa mikono, na mikono ilikuwa na masizi, na Zuwena alipoamka alimkuta mumewe ana michirizi miwili myeupe kwenye mashavu meusi.

"Mpelekee salamu," Zuwena alimwambia. "Mlango wake uko hapo. Hata usipoingia, gonga tu."

"Yeye mbona hagongi?"

"Baba Siwema, mimi sikuulizi habari za yeye."

Mbaruku alikwenda kunawa.

Wakati huo wote chumvi ilikuwa kazini. Hakuna aliyekuwa amepitisha kamba ndani ya dohani tangu Mzee Faki alale, na hakuna aliyepanda na chokaa. Kusi moja iliing'oa kofia ya bati, ambayo ilikuwa imeshaliwa na kutu ikawa kama karatasi, ikaitupa kwenye ua wa Bi Salha. Mvua ikaanza kuingia. Masizi yakalowa, yakagandamana kwenye kuta za ndani, njia ya moshi ikawa nyembamba. Mbayuwayu wakaweka viota. Moshi ukaanza kurudi chini, leo upande huu, kesho upande ule, kutegemea upepo umelala wapi. Zuwena aliwashwa macho, akapika akilia. Upande wa pili Mwanaheri naye alipika akilia. Mbaruku alisema moyoni, Nasoro ndiye mwenye familia changa, atapanda atengeneze. Na bila shaka Nasoro alisema moyoni, kaka ndiye mkubwa, atapanda atengeneze.

Mwishowe Zuwena alimwita mwashi bila kumwuliza mumewe. Mwashi alichungulia kwa chini, akagonga hapa na pale kwa mpini wa mwiko, akasema dohani inatengenezeka. Itakwanguliwa ndani, viungo vijazwe upya, na katikati utiwe ulimi wa tofali kutoka chini mpaka juu. Kila nyumba itakuwa na njia yake ya moshi. "Hamtahitajiana tena," alisema, na alidhani anawafurahisha.

Mbaruku alimshukuru, akamwambia atafikiri. Mwashi alipoondoka Zuwena alifunga mlango akasimama mbele yake.

"Unafikiri nini? Moshi unatuua."

"Ule ulimi ukitiwa..." alianza, akaishia hapo.

Zuwena alikuwa mwanamke aliyejua kila kitu kilichokuwa kikiendelea jikoni mwake, hata alipokuwa amelala. "Kwa hiyo sote tuvute moshi," alisema, "mimi, na yule mwanamke, na yule mtoto, ili wewe upate kumsikia mtu ambaye anakaa hatua chache kutoka mlangoni kwako."

Alimwumiza, lakini hakumgeuza. Ndugu zangu, mtu akishazoea kuishi kwa makombo ya anachokipenda, huogopa hata karamu, kwa kuwa atalazimika kuyaacha makombo kwanza.

Kilichomgeuza ni kikohozi. Masika yalikuwa yameingia tena na Mwanaheri hakuweza kuukwepa moshi kwa kupikia uani. Alasiri ile Mbaruku alikaa kwenye kigoda chake kama kawaida, akangoja sauti ya mdogo wake. Badala yake alimsikia mtoto. Kilikuwa kikohozi kikavu, kirefu, kisicholingana na kifua kidogo kilichokitoa. Kikakoma. Kikaanza tena. Akamsikia Mwanaheri akisema kwa hofu, "Mbona midomo yake imekuwa hivi?" Akasikia miguu inakimbia, dirisha linafunguliwa, kisha Nasoro anasali kwa sauti ya chini, maneno yanagongana. Baadaye mtoto akalia kilio cha kawaida, na Mbaruku akagundua kwamba ameng'ata ulimi wake mpaka damu.

Mvua ilipokatika alichukua ngazi akapanda juu ya paa. Alikuwa hajafika pale kwa miaka, na magoti yake yalimkumbusha. Aliigusa dohani kwa kidole kama alivyokuwa akifanya baba yake, na kidole kikazama. Chokaa ilimwagika ikamjaa kiganjani, laini, nyeupe, ya chumvi. Upande wake mwenyewe ulikuwa na nafuu. Alizunguka upande wa Nasoro, ule unaopigwa na kusi moja kwa moja, akaona ufa unaoingiza mkono mzima. Ufa ulishuka mpaka ndani ya dari, juu ya chumba kilichopakana na jiko la mdogo wake. Moshi ulikuwa ukiingia humo, na humo ndimo mtoto alimolala. Na juu ya ufa mawe manne ya ukingo yalikuwa yamekaa kwa mazoea tu, hayajashikwa na kitu. Moja likianguka ndani, litaangukia mahali ambapo Mwanaheri huinama kupuliza moto.

Dawa ilikuwa inajulikana. Mawe yateremshwe, ufa ujazwe, chokaa ipewe muda wa kushika huku ikinyunyiziwa maji baridi na kufunikwa magunia isikaushwe na jua. Lakini chokaa mbichi haishiki penye moshi na joto. Meko yote mawili yalipaswa kuzimwa kwanza, na kubaki yamezimwa kwa siku kadhaa. Lake angeweza kulizima mwenyewe. Lile la pili lilikuwa mikononi mwa mtu ambaye hakuwa amesema naye tangu siku ya matanga.

Alikaa juu ya paa akifikiri amtume nani. Bi Salha angekubali. Imamu angekubali kwa furaha. Zuwena angemwambia Mwanaheri, na Mwanaheri angemwambia mumewe, na kazi ingefanyika vizuri bila ndugu wawili kutazamana. Alikaa hivyo mpaka moshi wa jiko la Nasoro ulipoanza kupanda, mzito, ukamkumba usoni. Chini walikuwa wanaanza kupika.

Alishuka haraka kuliko umri wake. Aliingia jikoni, akapiga magoti mbele ya mafiga yake baridi, akaingiza kichwa ndani ya mdomo wa dohani. Masizi yalimdondokea shingoni.

"Nasoro," alisema, "mdogo wangu, zima moto."

Upande wa pili sufuria iliwekwa chini. Mbaruku alibaki na kichwa ndani ya giza lile, na katika maisha yake yote hakuwahi kungoja kama alivyongoja wakati ule. Hakusikia jibu. Alisikia maji yakimwagwa juu ya makaa, mlio mrefu wa mvuke, mara moja, halafu tena, mpaka hapakubaki kitu cha kulia.

Asubuhi walikutana juu ya paa, kila mmoja amepanda kwa ngazi yake. Nasoro alikuwa na mvi ambazo kaka yake hakuwa akizijua, kwa maana sauti haina mvi. Waliamkiana. "Shikamoo kaka." "Marahaba." Kisha wakainamia kazi. Waliondoa viota vilivyohamwa. Waliteremsha mawe ya ukingo moja moja, huyu akishika huku, yule kule. Mbaruku alikuwa amepandisha ndoo ya mchanga wa kuchanganyia chokaa, aliouchota karibu, nyuma ya ukuta wa pwani. Nasoro alichovya kidole ndani ya ndoo, akaonja, akatema.

"Una chumvi huu," alisema. "Tukiujengea huu, tumerudi palepale."

Mtu aliyetoka mashamba ya chumvi hakosei katika hilo. Waliushusha mchanga uani kwa Mbaruku, Nasoro akiingia kwa mara ya kwanza kwenye nusu ile tangu ukuta usimame, wakauosha kwa maji ya kisima. Walimwaga maji, wakakoroga, wakayamwaga nje, wakaonja. Bado. Wakarudia. Zuwena aliwatazama kutoka dirishani, wazee wawili wamechuchumaa wanalamba vidole vyao kama watoto waliokuta asali, akajiziba mdomo kwa ncha ya khanga. Walirudia mpaka mchanga ukawa hauna ladha yoyote.

Walipokuwa wakijaza ufa Nasoro aliuliza bila kumtazama, "Na ule ulimi wa katikati? Nilimsikia mwashi akisema siku ile. Tuutie, kila mtu awe na moshi wake?"

Mwiko wa Mbaruku ulisimama. "Tukiutia," alisema, "sitakusikia tena."

"Kunisikia?"

"Alasiri. Nakaa pale chini." Alielekeza kwa mwiko. "Goti lako. Jina la mtoto. Koo lako, linavyofanana na la marehemu. Miaka hii yote, Nasoro. Nakaa nakusikiliza."

Nasoro aliweka jiwe chini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa habari ya mbali sana. "Hata mimi nilikuwa nikisikiliza," alisema. "Mabinti zako walipoolewa na nyumba yako ikanyamaza. Niliona sauti inapita, nikasema pengine atanitaja. Pengine nitasikia anamwambia shemeji, mdogo wangu simwoni siku hizi. Nilikuwa nikisikia kimya tu, kaka. Hata kikohozi hapana. Nikajua umenichukia kiasi kwamba hutaki hata pumzi yako inifikie. Nikaacha kusikiliza."

Mbaruku alikuwa ananyamaza ili asikie. Angemweleza nini? Alijiona pale kwenye kigoda, pumzi ameishika, mwaka baada ya mwaka, anakusanya sauti ya mdogo wake kama mchoyo, na hata neno moja halikupanda kutoka upande wake. Walimaliza ufa. Ulimi hawakuutia. Walifunika chokaa kwa magunia, wakayanyunyizia maji, wakashuka, kila mmoja kwa ngazi yake.

Siku zile za kungoja chokaa ishike hapakuwa na moto katika nyumba zote mbili. Bi Salha aliwapikia. Alikuwa na sinia moja tu kubwa, akapakua wali na mchuzi wa papa humo, akaliweka kwenye baraza ya nje, katikati ya milango miwili, akasema, "Mimi siwezi kwenda na kurudi. Atakayetaka kula atatoka." Akaenda zake. Wanawake waliingia kwake kula naye pamoja na mtoto. Ndugu wawili walinawa wakakaa, sinia katikati yao.

Nasoro alikula kidogo. Halafu akauliza swali ambalo lilikuwa ndani yake tangu alipokuwa na matope magotini. "Baba alikufaje?"

Mbaruku alitoa mkono kwenye sinia. Jambo hili hakuwa amemwambia mtu, hata Zuwena. Alikuwa amelificha kwa sababu lilimwumiza, kisha akaendelea kulificha kwa sababu lilikuwa silaha pekee aliyobaki nayo.

"Asubuhi ile hakuwa akiona tena," alisema. "Nilikuwa nimemshika mkono. Akaniuliza, 'Nasoro, umefika?' Mimi, niliyekaa naye miezi yote ile. Akaniita kwa jina lako. Niliumia, sitakuficha. Nikataka kumwambia, si Nasoro huyu, baba, ni mimi. Nikamtazama. Nikamjibu, 'Naam baba, nimefika.' Akauliza kama mto umejaa, nikamwambia umejaa lakini nimevuka. Akanishika kwa nguvu, akasema, 'Basi vizuri.' Hakusema tena. Alikwenda akijua amekushika mkono wewe."

Wali ulipoa. Nasoro aliuinamia mkono wa kaka yake uliolala ukingoni mwa sinia, ule wa kulia, akautazama kama mtu anayetafuta kitu kilichoandikwa. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Niambie tena," alisema. "Alivyoniita."

Mbaruku akamwambia tena, kwa sauti ya baba yao. Nasoro akaomba tena, na akaambiwa tena.

Ukuta haukubomolewa, watoto wa watoto wao ndio wataamua. Kila kusi ikitulia wazee wale wawili hupanda pamoja, na watu wa mtaa huwasikia wakigombana juu ya kiasi cha chokaa. Lakini miaka ile iliyopita haikurudi, na Nasoro bado kuna siku anakaa barazani akihesabu moyoni mara ambazo angeweza kuyajua maneno yale mapema, alipokuwa hapati usingizi, na aliyekuwa nayo alikuwa nyuma ya ukuta, hai, anampenda, amenyamaza. Maana shauku iliyonyamaza, upande wa pili wa ukuta, husikika sawasawa na chuki.

Nanyi mnaonisikiliza: ni neno la nani hilo mlilolikalia, na mwenyewe analingoja mpaka lini?